Mwanafunzi Aliyeficha Jina: Maisha ya William Sealy Gosset



Hapa kwetu pwani kuficha jina si jambo geni. Mshairi hutunga, akajipa lakabu, shairi likatembea kutoka Lamu hadi Vanga, na watu wakalijua shairi kabla ya kumjua mtungaji. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu wa mbali aliyefanya vivyo hivyo, ingawa hakuwa mshairi. Alikuwa bwana wa hesabu. Kwa muda wa miaka 30, tangu 1907 hadi 1937, aliandika makala za ilimu zilizosomwa na mabingwa wa Ulaya na Marekani, na chini ya makala hizo hakutia jina lake. Alitia neno moja tu, Student, yaani Mwanafunzi. Jina lake hasa ni William Sealy Gosset.

Kilichonifanya nimtafute bwana huyu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ameingia chuo kikuu na mwaka wa kwanza amewekewa somo la takwimu. Sikukuu ya Idi alikuja kunipa mkono, na baada ya biriani akatoa karatasi. Mwalimu wao amewapa hesabu ya wagonjwa 10 na dawa 2 za usingizi, wachague kipimo kinachofaa na waeleze jibu lina maana gani. Yeye alitumia vipimo 2 kwa tarakimu zile zile. Kimoja kilimwambia kwamba tofauti ya dawa hizo yaweza kuwa bahati tu. Cha pili kikamwambia kwamba tofauti ipo, tena ni kubwa. Akaniuliza, mjomba, kipi ndicho kweli? Akaongeza kwamba wenzake wamekata shauri kuandika kile kinachotoa jibu zuri.

Mimi nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kusoma skuli, na mizani niijuayo ni ile ya ushairi. Sikuwa na jibu. Lakini niliona haya kukaa kimya, kwa sababu nitakayoitaja mwisho. Basi nikaanza kusoma.

KUZALIWA NA KUSOMA

Gosset alizaliwa tarehe 13 Juni 1876 katika mji wa Canterbury, Uingereza. Baba yake alikuwa kanali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na mtoto naye alitamani kuifuata njia hiyo. Macho yakamzuia, hayakuwa na nguvu ya kutosha kwa kazi ya jeshi. Mlango mmoja ukifungwa, Mwenyezi Mungu hufungua mwingine. Kijana akasoma Winchester, kisha akaingia New College huko Oxford, akafuzu kwa daraja la kwanza katika hesabu mwaka 1897, na tena kwa daraja la kwanza katika kemia mwaka 1899.

Mwaka huo huo wa 1899 akapata kazi Dublin, Ireland, katika kiwanda cha Guinness.

Hapa naona msomaji amekunja uso. Guinness ni kiwanda cha pombe, na hukumu ya pombe kwetu ni wazi, haihitaji maelezo yangu. Sikukaa hapa kukisifu kiwanda wala kinachotoka humo. Lakini kipimo alichokitunga mtu huyu hakina ulevi ndani yake. Leo kinatumiwa na tabibu anayepima dawa, bwana shamba anayepima mbegu na mwalimu anayepima njia ya kusomesha. Jambo la manufaa likiangukia kichochoroni, mwenye akili huinama akaliokota, akalipangusa.

TABU YA MACHACHE

Tabu iliyomkuta Gosset kiwandani ilikuwa hii. Wakuu wake walikuwa wameanza kuajiri vijana waliosomea sayansi ili kazi isifanywe kwa mazoea peke yake. Ikatakiwa kujua shayiri ipi ni bora, shamba lipi limetoa mazao mema, kimea kipi kina nguvu zaidi. Lakini kila jaribio ni gharama na ni muda. Shayiri hupandwa mara moja kwa mwaka. Huwezi kuiamrisha ikue mara 1,000 ili upate tarakimu za kutosha. Gosset alikuwa na vipimo 4, au 6, au 10, basi.

Na vitabu vya hesabu vya zama zile viliandikwa kwa ajili ya mengi. Vilisema: chukua mamia ya vipimo, tafuta wastani wake, tazama jinsi vilivyotawanyika, kisha utajua wastani huo ni wa kutegemewa kiasi gani. Ukiwa na 4 tu, vitabu vilinyamaza, au vilikupa jibu lenye uhakika wa kupita kiasi. Mwaka 1904 Gosset aliwaandikia wakuu wake ripoti juu ya jambo hilo, na mwaka 1905 akaenda kuonana na Karl Pearson, profesa wa London aliyekuwa mkubwa wa takwimu Uingereza. Mwaka 1906 kiwanda kikamruhusu kwenda kusoma kwake kwa mwaka mzima. Mwaka huo ndio aliomwoa Bibi Marjory Phillpotts, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Pearson alikuwa mwalimu mkarimu kwa Gosset, lakini suala la sampuli ndogo hakuliona kuwa na uzito. Yeye alikuwa mtu wa maelfu. Mwenye ghala halijui lililo moyoni mwa mwenye kibaba.

KADI 3,000

Gosset akaingia kazini. Kwanza alitumia hesabu tupu, akakisia umbo la jawabu. Kisha akataka kuhakikisha kwamba kisio lake ni sawa, na njia aliyoitumia inanifurahisha kila niikumbukapo. Alichukua orodha ya vimo na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vipimo vilivyokusanywa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Akaandika kila mtu kwenye kadi yake. Akazichanganya kadi zote barabara, kama wachanganyavyo karata mabarazani, kisha akazitoa moja moja na kuzigawa nne nne. Akapata mafungu 750. Kila fungu akalitafutia wastani na mtawanyiko wake, akalinganisha na ule wastani wa watu wote 3,000 alioujua tangu mwanzo. Kwa mkono wake, bila kompyuta, akaona jinsi vipimo 4 vinavyoweza kumdanganya mtu, na vinamdanganya kwa kadiri gani.

Mambo yakalingana na kisio lake. Mwezi wa Machi 1908 makala ikatoka katika jarida la Biometrika, pamoja na jedwali la vipimo kuanzia 4 hadi 10. Fundisho lake kwa ufupi ni hili: ukiwa na vichache, usikatae kusema, wala usiseme kwa kiburi. Panua shaka yako kwa kadiri ya uchache wa vipimo vyako. Mwenye 4 awe na shaka pana, mwenye 10 iwe nyembamba zaidi, na kadiri vipimo vinavyoongezeka shaka hiyo inakaribia ile ya vitabu vya zamani.

Na jina? Wakuu wa kiwanda waliogopa siri za kazi zisitoke nje, wakawazuia wafanyakazi wao kuchapisha kwa majina yao. Gosset akaruhusiwa kwa sharti la kujificha. Akachagua kuitwa Mwanafunzi. Angeweza kuchagua lakabu ya makuu, hakufanya hivyo.

WAGONJWA 10

Sasa nirudi kwenye karatasi ya mpwa wangu, maana wale wagonjwa 10 wamo ndani ya makala ile ile ya 1908. Walikuwa wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya Michigan, Marekani, na habari zao zilikuwa zimechapishwa mwaka 1905. Kila mmoja alipewa dawa ya kwanza, na usiku mwingine dawa ya pili, ikapimwa ni saa ngapi za usingizi zimeongezeka. Bwana mkubwa mwenyewe aliteleza: majina ya dawa aliyanukuu kimakosa. Tarakimu zilikuwa sawa.

Dawa ya kwanza iliongeza usingizi kwa wastani wa saa 0.75. Ya pili iliongeza saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58. Swali ni kama tofauti hiyo ni ya kweli, au ni nasibu tu ya kundi dogo.

Mwanafunzi asiyetulia hufikiri hivi: hapa kuna safu 2 za watu 10, nitalinganisha kundi na kundi. Akifanya hivyo, hesabu inamjibu kwamba, lau dawa hizo hazina tofauti, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingetokea kwa bahati mara 8 hivi katika 100. Hilo halitoshi kumfanya mtu aseme kitu.

Lakini watu hawakuwa 20. Walikuwa 10, kila mmoja amekunywa zote mbili. Kuna mgonjwa ambaye dawa yoyote humlaza, na kuna ambaye hata umpe nini atakesha. Ukiwatenga makundi mawili, tofauti ya mtu na mtu inaifunika tofauti ya dawa na dawa. Njia sawa ni kumlinganisha kila mgonjwa na nafsi yake: dawa ya pili toa ya kwanza, upate tofauti 10, kisha uzipime hizo. Hapo jibu linageuka: lau dawa hazina tofauti, jambo kama hili lingetokea mara 3 tu hivi katika 1,000.

Basi nilimwambia mpwa wangu kwamba swali lake lilikuwa limepinda. Kipimo hakichaguliwi kwa uzuri wa jibu lake. Kinachaguliwa kwa namna habari zilivyopatikana, na huchaguliwa kabla jibu halijaonekana. Watu walewale wamepimwa mara 2? Kipimo cha jozi. Watu mbalimbali katika makundi 2? Kipimo cha makundi 2. Makundi ni 3 au zaidi? Kuna njia ya Ronald Fisher ya kuchambua mtawanyiko. Huna urefu wala uzito bali una idadi ya watu, wangapi wamepona na wangapi hawakupona? Hapo ndipo mahali pa kipimo cha kai mraba, alichokitoa Karl Pearson mwaka 1900. Mwenye kupima kitambaa hachukui pishi, na mwenye kupima mchele hachukui wari.

DHANA NA YAKINI

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuelewa jibu, na hapa wengi huzama, hata waliosoma.

Ile mara 3 katika 1,000 haisemi kwamba dawa hizi kuwa sawa kuna uwezekano wa 3 katika 1,000. Inasema lau zingekuwa sawa, tungeshangaa kiasi hiki. Ni mambo mawili tofauti. Wala haisemi kwamba tofauti ni kubwa yenye maana kwa mgonjwa. Ili kujua hilo, itazame tofauti yenyewe: kwa wagonjwa hawa 10, hesabu inaweka faida ya dawa ya pili baina ya dakika 42 na saa 2 na nusu hivi, kwa kadiri ya kutegemewa iliyozoeleka ya 95 katika 100. Hilo tabibu analifahamu. Na yule aliyepata mara 8 katika 100 asiseme amethibitisha kwamba hakuna tofauti. Hakuona, na kutoona si dalili kwamba hakipo.

Mpaka wa 5 katika 100, ambao wanafunzi wanauabudu, uliingia katika mazoea kwa kitabu cha Fisher cha mwaka 1925. Ni desturi, si sheria iliyoteremshwa. Gosset mwenyewe alikuwa mtu wa kazi. Aliuliza kukosea kutagharimu nini, na kupata kutaleta nini. Mwaka 1926 alimwandikia barua Egon Pearson, mwana wa yule profesa, akamweleza kwamba jambo kuwa adimu peke yake halitoshi kuivunja dhana. Ni lazima pawepo maelezo mengine ambayo kwayo jambo hilo halingekuwa adimu sana. Kutokana na mbegu hiyo Egon Pearson na Jerzy Neyman wakajenga nadharia yao ya vipimo.

Mimi niliposoma haya nilikumbuka masheikh wetu. Walitufundisha kutenga dhana na yakini, na kwamba habari iliyopokewa na mmoja si sawa na iliyopokewa na wengi wasioweza kupatana juu ya uongo. Na zaidi ya idadi, walitazama mpokezi mwenyewe ni mtu wa namna gani. Hilo la pili ndilo linalotupeleka kwenye kisa cha maziwa.

WATOTO 20,000

Mwaka 1930 huko Lanarkshire, Scotland, ulifanywa utafiti mkubwa. Watoto 20,000 wa shule 67 walipimwa uzito na kimo. Nusu walipewa maziwa kila siku ya shule, nusu hawakupewa. Baada ya miezi 4 wakapimwa tena. Katika wale 10,000 wa maziwa, 5,000 walipewa mabichi na 5,000 yaliyochemshwa kwa kadiri ya kuua vijidudu. Ikatangazwa kwamba maziwa yanakuza watoto, na kwamba aina hizo 2 ni sawa.

Watoto 20,000! Nani atabisha? Aliyebisha ni bwana wa vipimo 4. Mwaka 1931 Gosset aliichambua kazi hiyo. Watoto walikuwa wagawanywe kwa kura au kwa herufi za majina, lakini waalimu waliruhusiwa kubadilisha pale walipoona kundi limezidi walioshiba au wenye njaa. Waalimu ni binadamu. Inaelekea huruma iliwafanya wawape maziwa watoto maskini. Ushahidi upo katika tarakimu zenyewe: siku ya kwanza, kabla ya tone moja kunywewa, watoto wasiopewa maziwa walikuwa warefu na wazito kuliko wenzao. Tena walipimwa na nguo, mara ya kwanza Februari wakati wa baridi, mara ya pili Juni wakati wa joto. Mtoto wa mwenye nacho huvua koti zito. Mtoto wa maskini hana la kuvua. Na hakuna shule iliyotoa aina zote 2 za maziwa, hivyo ulinganisho wao haukuwa na msingi imara.

Gosset hakusema maziwa hayafai. Alisema utafiti huo hauwezi kutoa uhakika uliodaiwa, na akashauri kwamba jozi 50 za mapacha wa kufanana, mmoja apewe na mmoja asipewe kwa kura, zingetoa jibu la kutegemewa zaidi kwa gharama ndogo sana. Wingi wa wapokezi haufai kitu ikiwa wote wamepokea kwa mmoja aliyekosea.

MTU BAINA YA WAGOMVI

Watu waliomjua walimsifu kwa upole. Karl Pearson na Fisher walichukiana kwa miaka mingi. Gosset alikuwa rafiki wa wote wawili. Fisher alipokuwa angali kijana, mwaka 1912, ndiye aliyeleta uthibitisho kamili wa kisio la Gosset, na Gosset akakiri waziwazi kwamba hesabu hiyo ilimshinda, akampelekea Pearson aitazame. Baadaye Fisher ndiye aliyekieneza kipimo hicho kikajulikana kwa herufi t. Katika miaka ya 1930 wawili hao walihitilafiana juu ya kupanga vishamba vya majaribio: Fisher akishikilia kura, Gosset akipendelea mpango wa kusawazisha. Hitilafu haikuvunja urafiki. Makala yake ya mwisho juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1938, mwenyewe akiwa kaburini.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Park Royal. Tarehe 16 Oktoba 1937 alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo, umri wake miaka 61.

HAYA YANGU

Sasa nitaje lile lililonitia haya. Miaka mingi iliyopita nilikwenda shule moja ambako watoto kadhaa walikuwa wakipewa uji asubuhi. Nilionyeshwa alama zao na alama za wasiokunywa. Wa uji walikuwa juu. Nikaandika, kwa furaha na kwa maneno matamu, kwamba uji umefungua akili. Miezi ikapita, mwalimu mmoja akaninong'oneza kwamba uji ulikuwa kidogo, wakipewa wanaowahi kufika. Na wanaowahi ni wale ambao nyumbani kwao wanaamshwa, wanahimizwa, wanatazamwa madaftari. Huenda uji ulisaidia, na huenda haukusaidia. Sikuwa na njia ya kujua, nami niliandika kama niliyejua. Wala sikurudi kusahihisha. Leo nasahihisha.

Si jambo dogo kwetu. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanywa Kilifi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi moja hivi. Hapo vijiji viligawanywa kwa kura kuwa vya vyandarua na visivyo, na ndiyo sababu neno hilo likaaminika na vyandarua vikafika majumbani mwetu. Mgawanyo ungefuata huruma au urafiki, tungebaki tukibishana mabarazani huku watoto wakizikwa.

Mpwa wangu aliandika jibu la jozi, akaeleza kwa nini, akataja pia kwamba wagonjwa 10 wa hospitali moja si watu wote. Sijui mwalimu atampa alama ngapi. Nilimwambia tu akumbuke lakabu ya yule aliyetunga kipimo: aliyeijua kazi hiyo kuliko wengi wa zama zake aliona inamtosha kuitwa mwanafunzi.